Bei ya Haki ya Bunduki Kuukuu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu muamala ambao aghalabu watu huufanya kwa pupa na kuujutia kwa miaka mingi, nao ni kununua bunduki iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Na hasa nitaizungumzia raifali ya wenzo, ile ambayo chini ya kifyatulio chake pana pete ya chuma ya kupitishia vidole, ikishushwa ganda la risasi iliyokwisha kulia hutupwa nje, na ikipandishwa risasi nyingine huingia mahali pake.

Wakati huu nimeuchagua kwa makusudi. Minada ya korosho ya chama chetu kikuu cha ushirika cha Runali imekwisha kutia fedha mikononi mwa wakulima wa Ruangwa na Nachingwea, na mvua nazo zimeanza, na mahindi yakishaota tu nguruwe mwitu, nyani na ngedere hawangoji kukaribishwa. Mkulima aliyelala kibandani usiku kucha akipiga debe, na asubuhi akaikuta nusu ya shamba imefukuliwa, hana subira anapoambiwa kuwa yuko mtu mahali fulani anauza bunduki yake kwa bei nafuu. Dhiki na fedha vikikutana katika mfuko mmoja, akili hukaa kando. Na wauzaji wasiomcha Mungu wanaijua saa hiyo vizuri sana.

Rai yangu naitanguliza, ili atakayeitwa na kazi kabla ya mwisho aondoke nayo. Bei ya haki ya bunduki kuukuu haitokani na jina lililochorwa juu ya chuma, wala na mng'ao wa rangi, wala na hadithi za babu wa muuzaji. Hutokana na mambo matatu, yaani uhalali wa hati zake, uzima wa mtutu na mtambo wake, na wepesi wa kupata risasi zake. Likikosekana moja katika hayo, thamani haipungui kidogo tu, bali huenda ikatoweka kabisa.

Tuanze na jina, kwa maana jina ndilo linalowapofusha wengi. Bunduki za wenzo zilipata umashuhuri wake huko Marekani katika karne ya kumi na tisa, kiwanda cha Winchester kilipotoa ile ya mwaka 1873, na baadaye fundi stadi John Moses Browning akakibunia nyingine za mwaka 1886, 1892, 1894 na 1895. Sifa zake zilifika Afrika Mashariki pamoja na wawindaji, na aliyezitangaza kuliko wote ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwa safari yake ndefu ya uwindaji, miongoni mwa silaha zake alikuwa na Winchester ya mwaka 1895 ya kipimo cha .405, akaipenda mno kwa kuwindia simba. Tangu hapo jina hilo limekuwa na haiba yake, na mtu akiliona limechorwa ubavuni mwa chuma hudhani ameona hati ya uzima.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 1964 kiwanda hicho kiliibadilisha njia ya kutengeneza bunduki zake ili kupunguza gharama, na baadhi ya vyuma vilivyokuwa vikichongwa kwa kazi ya makini vikawekwa vingine vya kupigwa kwa mashine kwa urahisi. Jina halikubadilika, wala umbo la nje halikubadilika sana. Hata hivyo Wamarekani wenyewe, ambao ndio wenye mali, tangu siku hizo hulipa zaidi kwa zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo. Basi ikiwa jina lile lile, kutoka kiwanda kile kile, laweza kubeba vitu viwili vyenye thamani mbalimbali, itakuwaje mnunuzi wa Ruangwa alipie jina peke yake pasipo kuangalia kilichomo ndani?

Na sisi wa upande huu wa Lindi tuna sababu zaidi ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa historia yetu wenyewe inalishuhudia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza ule mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na hapa Nachingwea, na kwa vile matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, wakubwa wa mradi walikubali kununua mengi yaliyokuwa yametumiwa na majeshi, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta kwa kuvuliwa silaha. Mitambo hiyo ilishushwa kwa shangwe kubwa, ikapelekwa porini. Na mara ilipokutana na mizizi na udongo mgumu, mingi ikasimama, na mafundi na vipuri havikutosha kuifufua. Mradi uliachwa mwezi wa Januari 1951, baada ya kumeza pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Sababu za kuanguka zilikuwa nyingi, mvua na udongo vikiwamo. Lakini mojawapo ilikuwa hii ya kununua chombo kikuukuu kwa kutazama kimo chake bila kukipima uzima. Ikiwa dola iliweza kughurika kwa namna hiyo, mkulima mmoja mwenye fedha za magunia machache ya korosho ana haja kubwa zaidi ya hadhari.

Sasa tuje kwenye jambo la kwanza, nalo ni hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bunduki haihami kutoka mkono hadi mkono kama jembe au baiskeli. Anayetaka kumiliki huanza maombi yake kwenye serikali ya kijiji, yakapanda kata na wilaya kupitia kamati za ulinzi na usalama, hata yakafika Jeshi la Polisi, na muuzaji naye ni lazima awe na leseni yenye jina lake na namba ile ile iliyopigwa kwenye chuma. Kwa hiyo kabla hujaishika bunduki, omba kuiona leseni, kisha zitafute namba zilizopo kwenye chuma, ambazo katika bunduki nyingi za wenzo huwa chini, mbele ya kifyatulio, uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta namba zimekwaruzwa kwa tupa, au zimepigwa upya zikawa hazilingani mstari, mazungumzo ya bei yamekwisha. Toka hapo, na upeleke habari kituo cha polisi. Silaha ya namna hiyo haina bei ya haki, kwa sababu haina mwenye haki ya kuiuza.

Kadhalika iko bunduki ya urithi, ambayo marehemu ameiacha juu ya dari na watoto wakaiuza kwa siri kwa kudhani kuwa ni mali kama ng'ombe na mikorosho. Leseni ilikuwa ya marehemu mwenyewe, nayo haiwafuati warithi. Wajibu wao ni kuikabidhi silaha polisi, kisha mmoja wao akitaka kuimiliki aombe kwa njia yake. Na mara kadhaa katika miaka ya karibuni Serikali imetangaza muda wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na aliyezembea hadi muda ukapita hana wa kumlaumu. Tena ijulikane kuwa leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasimama peke yake, na hata mnyama aliyeuawa kwa kulinda nafsi au shamba ni shurti aripotiwe kwa maofisa wa wanyamapori, wala hafanywi kitoweo kimya kimya.

Hati zikiwa safi, na ukaguzi ukafanyika mahali halali mbele ya wahusika, hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la pili, uzima wa bunduki yenyewe. Sharti la mwanzo la ukaguzi ni usalama: mdomo wa mtutu uelekezwe mahali ambapo hapana kiumbe, wenzo ushushwe, chemba itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na bomba la risasi lililo chini ya mtutu lihakikishwe kuwa ni tupu. Muuzaji akikuambia kwamba haina kitu, usimjibu, hakikisha mwenyewe.

Kisha tazama ndani ya mtutu. Mtutu wa raifali huchongwa mifuo inayozunguka kwa ndani kama uzi wa parafujo, na mifuo hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ikaenda sawa. Kwa kuwa bunduki nyingi za wenzo, kama ile ya mwaka 1894, hazimruhusu mtu kuchungulia kutoka nyuma pasipo kuzifumua, shusha wenzo, weka kipande cha karatasi nyeupe kwenye chemba kirudishe mwanga, nawe uchungulie kutoka mdomoni. Mifuo ikionekana yenye kingo kali na chuma kinachometa tangu mwanzo hadi mwisho, umepata jambo jema. Ukiona madoa meusi yenye vishimo, hiyo ni kutu iliyokula chuma, na kutu iliyokwisha kula hairudishi. Kuipiga brashi ni kuufagia uwanja wa nyumba iliyobomoka. Ukiona pete nyeusi mahali pamoja tu, ilhali kwingine ni safi, shuku kuwa mtutu uliwahi kuvimba hapo kwa kupigwa risasi ukiwa umezibwa na tope au na tambara lililosahauliwa, na bunduki hiyo iache.

Kutu katika mitutu ya zamani ina asili yake. Risasi nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 zilikuwa na fataki zilizoacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kulia, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Mtu asiyeosha mtutu kwa maji ya moto na kuupaka mafuta siku ile ile, katika nchi yenye masika kama yetu, alikuwa akiulisha mtutu wake kwa adui. Wengine walizihifadhi bunduki zao katika mifuko ya ngozi wakidhani wanazitunza, kumbe ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku na mchana. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba bunduki imekaa miaka mingi ndani ya ala yake bila kuguswa, sifa hiyo ni sababu ya kuikagua mara mbili.

Utazame pia mdomo wa mtutu kwa makini kabisa. Bunduki za wenzo kwa kawaida husafishwa kwa kuingiza mdeki kutoka mbele, na mdeki wa chuma mikononi mwa mtu mwenye haraka huisaga mifuo ya mdomoni mwaka baada ya mwaka, hata risasi ikawa inatoka imeegemea upande. Ndani waweza kukuta mtutu mzuri, na shabaha isipatikane kwa ajili ya upana wa ukucha mmoja pale mwisho.

Baada ya mtutu, mtambo. Ukiufunga wenzo, uwe umekaza na kukaa mahali pake, usilegee ukaning'inia. Vuta nyundo hadi kituo chake cha kwanza, kile cha usalama, kisha isukume kwa kidole gumba kwa nguvu ya kadiri: ikianguka, kamani au meno ya ndani yamekwisha, na bunduki hiyo yaweza kulia yenyewe bega la mwenyewe likigonga mti. Kwa risasi bandia zisizo na baruti, ambazo fundi wa kweli hakosi kuwa nazo, upime kama mtambo unazipokea, unazipeleka chembani na kuzitupa nje bila kusita; wala usikubali kufanya jaribio hilo kwa risasi za kweli ndani ya nyumba. Halafu ziangalie parafujo. Vichwa vyake vikiwa vimechakaa na kutafunwa, ujue kwamba mtu asiye na ufundi amekwisha kuifungua bunduki hiyo kwa kisu, na aliyefungua kwa kisu hakuna ajuaye alichokiacha ndani.

Kitako cha mti nacho kina ushahidi wake. Kagua pale mti unapokutana na chuma, na pale mkono unapokamata, kwa maana ndipo nyufa huanzia. Ufa mdogo si msiba, na katika wilaya hizi hatuna upungufu wa mninga wala wa maseremala hodari. Kitako kipya chaweza kuchongwa, na gharama yake ikatolewa katika bei. Kinachotisha ni ufa uliofichwa kwa nta na rangi, au uliofungwa kwa waya chini ya kitambaa. Na juu ya rangi ya chuma, tahadharini na bunduki kuukuu inayong'aa kuliko umri wake: kingo zikiwa zimelainika na herufi za kiwandani zimefifia, chuma kimesuguliwa na kupakwa rangi upya ili kutu isionekane. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghashi, na sheria ya dini yetu ya Kiislamu inamlazimisha muuzaji kuitaja, tena humpa mnunuzi khiyari ya kuirudisha atakapoigundua. Lakini katika silaha, ambayo aibu yake yaweza kumtoa mtu jicho kabla hajaitumia khiyari yake, ni heri kuigundua kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ni risasi, na hapa ndipo bunduki nyingi za wenzo zinaposhindwa katika nchi yetu. Vipimo vyake, kama .30-30 na .44-40, ni vya Kimarekani, navyo ni vigumu kupatikana kwetu kwa njia ya halali, ilhali risasi za marisau za kipimo cha 12 hutafutika kwa urahisi zaidi, na kwa raifali kubwa kipimo cha .375, kilichoanza mwaka 1912, kimezoeleka tangu enzi za wazee wetu. Pia kanuni za uwindaji zinataka kipimo kisichopungua hicho cha .375 kwa wanyama wa hatari kama nyati na tembo, hivi kwamba raifali ndogo ya wenzo, hata iwe nzima namna gani, haimfai mwenye kutarajia kukutana nao. Wala mtu asidanganyike kutia risasi yoyote inayoelekea kuenea. Katika bunduki zenye bomba chini ya mtutu, risasi hulala moja nyuma ya nyingine, ncha ya ile ya nyuma ikigusa fataki ya ile ya mbele. Ndiyo maana risasi zake hufanywa bapa kichwani, na mwenye kuingiza zenye ncha kali hujiwekea hatari ya mlipuko chini ya mkono wake mwenyewe.

Baada ya yote hayo, bei. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: ulizia dukani bei ya bunduki mpya ya kazi ile ile, uifanye kuwa mia. Kuukuu yenye hati safi, mtutu mzima, mtambo uliokaza na risasi zinazopatikana, nairuhusu kufika sitini, na ikiwa imetunzwa kwa namna ya pekee, sabini. Kasoro za mti na parafujo hutolewa kwa gharama ya fundi, pamoja na nauli na siku za kumfuata. Mtutu uliokwisha mifuo huishusha hadi chini ya ishirini, kwa sababu mtutu ndio bunduki, na kuupata mwingine ni sawa na kununua upya. Isiyo na risasi madukani, kwa mkulima thamani yake ni ya pambo, na pambo halimfukuzi nguruwe. Ama yale magobore yanayofuliwa kwa mabomba vichochoroni, hayo sina tarakimu ya kuyapa. Ni haramu kwa sheria na ni hatari kwa uso wa anayeyashika.

Kwa hiyo akija kwangu mkulima wa Ruangwa kuniuliza kama anunue raifali ya wenzo yenye jina kubwa au bunduki ya marisau ya mtutu mmoja isiyo na jina, nami nikazikuta zote mbili ni nzima na zina hati, nitamwambia bila kusita achukue hiyo ya marisau na kubaki na fedha zaidi ya nusu kwa ada za shule na mbolea. Naye akiwa hajaamua, nitamkumbusha kuwa kwanza iko njia ya kwenda kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya kuomba msaada wa kuwafukuza wanyama, na iko njia ya majirani kulinda kwa zamu, na njia hizo hazimtii mtu katika hatari ya kuhifadhi silaha katika nyumba yenye watoto.

Ndugu msikilizaji, kabla ya kutoa shilingi yako moja, iulize bunduki maswali matatu kwa utaratibu huu: nani mwenye haki ya kuiuza, mtutu na mtambo wake una uzima gani, na risasi zake zinauzwa wapi. Jibu la swali lolote kati ya hayo likikosekana, rudi nyumbani na fedha zako za korosho.